Jibu limekataa? Kutafuta kosa kwenye maswali ya maumbo yanayofanana

Swali la maumbo yanayofanana lina hesabu fupi mno: unazidisha mara moja, unagawanya mara moja, basi. Kwa hiyo jibu likikataa, usikimbilie kurudia kuzidisha. Mara nyingi kuzidisha kulikuwa sawa kabisa, na kilichoharibika ni uamuzi uliofanywa kabla yake, pale ulipochagua upande gani uende na upande gani. Bahati nzuri ni kwamba kila kosa la kuoanisha pande lina namna yake ya kuharibu jibu. Ukilikodolea macho jibu baya, mara nyingi litakuonyesha lilikotoka.

Kwanza tukubaliane jambo moja. Maumbo mawili yanafanana ikiwa pembe za umbo moja ni sawa na pembe za jingine, na kila upande wa umbo la pili ukigawanywa kwa mwenzake wa umbo la kwanza unatoa namba ileile. Namba hiyo nitaiita kizidishi. Ukiwa nayo, unaupata upande wowote unaokosekana.

Dalili: upande wa umbo dogo umetoka mrefu kuliko wa umbo kubwa

Pembetatu ABC ina AB = 6, BC = 9 na AC = 12. Pembetatu PQR inafanana nayo, na PQ = 4. Ukatafuta QR, ukapata 13.5.

Tazama namba hizo tena. PQ ni 4 na mwenzake AB ni 6, maana yake PQR ndiyo ndogo. Sasa QR yake inawezaje kuwa 13.5 wakati BC ni 9? Uwiano umepinduka: umezidisha kwa 6/4 mahali palipotaka 4/6. Jibu ni 9 × 4/6 = 6.

Tiba ni kuandika herufi kabla ya namba. Andika QR/BC = PQ/AB, umbo lenye upande usiojulikana likae juu kushoto na kulia, ndipo uingize namba. Na kabla ya hapo jiulize swali dogo: naenda kwenye umbo kubwa au naenda kwenye dogo? Ukielekea kubwa, kizidishi kinazidi 1. Ukielekea dogo, kiko chini ya 1. Swali hilo halichukui hata sekunde mbili, na kosa hili haliwezi kulipita.

Dalili: ukubwa unaaminika, lakini pande hazikubaliani na za mwenzako

Umeambiwa pembetatu KLM inafanana na pembetatu YZX. KL = 8, LM = 10, KM = 14, na XY = 21. Tafuta YZ na ZX. Kwenye mchoro, KL imelala chini ya pembetatu ya kwanza na XY imelala chini ya pembetatu ya pili, kwa hiyo jicho linaziunganisha lenyewe. Unapata kizidishi 21/8, yaani 2.625, halafu YZ = 26.25 na ZX = 36.75.

Umeoanisha pande kwa mahali zilipokaa kwenye karatasi. Aliyechora swali ameigeuza pembetatu ya pili makusudi, na mara nyingine anaipindua kabisa kama inavyoonekana kwenye kioo. Kinachoongoza ni mpangilio wa herufi katika sentensi: KLM na YZX. K ni mwenza wa Y, L wa Z, M wa X. Basi KL inakwenda na YZ, LM na ZX, KM na YX. XY = 21 mwenzake ni KM = 14, kizidishi ni 1.5, YZ = 12 na ZX = 15.

Swali lisipotoa mpangilio wa herufi, fuata pembe. Upande ulio mkabala na pembe kubwa ndio mrefu kuliko wote, na ulio mkabala na pembe ndogo ndio mfupi. Panga pande za kila pembetatu kuanzia fupi hadi ndefu, kisha oanisha kwa zamu. Kama pembe zimewekewa alama za vijitao, anzia kwenye pembe yenye kitao kimoja katika kila umbo na utembee kwa mfuatano uleule wa alama.

Neno moja kuhusu desimali mbaya-mbaya kama 26.25. Hizo peke yake hazithibitishi kosa, kwani vipimo vya kweli haviji vimepangwa. Lakini kwenye swali ambalo namba nyingine zote ni nzima, mimi ningerudi kwenye mchoro kabla ya kuendelea.

Dalili: pembetatu iko ndani ya pembetatu, na jibu lako "zuri" limewekewa kosa

Hapa ndipo alama nyingi zinapopotelea, kwa hiyo tukae kidogo.

Pembetatu ABC ina kitako BC = 15. Ndani yake umechorwa mstari DE sambamba na BC, D ikiwa kwenye upande AB na E kwenye upande AC. AD = 4 na DB = 6. DE ina urefu gani?

Jibu linaloandikwa sana ni 10. Mtu anachukua 4/6, anazidisha kwa 15, anaweka kalamu chini. Jibu sahihi ni 6. Kosa hili linapita bila kushtukiwa kwa sababu 10 ina sura nzuri: ni namba nzima, na ni ndogo kuliko 15. Kipimo cha kubwa na dogo hakiligundui.

Basi ijaribu njia hiyohiyo mahali pengine. Weka D katikati kabisa ya AB, tuseme AD = 5 na DB = 5. 5/5 ni 1, kwa hiyo DE ingekuwa 15, sawa na kitako chote. Mstari uliopita katikati ya pembetatu uwe mrefu sawa na kitako? Shusha D zaidi, AD = 8 na DB = 2, na njia hiyo itakupa DE yenye urefu wa 60 ndani ya pembetatu yenye kitako cha 15. Hapo hakuna haja ya kubishana tena.

Chanzo chake ni kwamba DB si upande wa pembetatu yoyote kati ya zile mbili zinazofanana. Zinazofanana ni ADE na ABC. Pande za ndogo ni AD, AE na DE. Pande za kubwa ni AB, AC na BC. DB ni kipande kilichobaki baada ya kuondoa ndogo kwenye kubwa. Mwenza wa AD ni AB nzima, ambayo ni 4 + 6 = 10, na DE = 15 × 4/10 = 6.

Kinachowachanganya watu ni kwamba yapo maswali ambayo kipande kwa kipande kinakubali. Ukiambiwa AE = 5 utafute EC, unaweza kuandika AD/DB = AE/EC, yaani 4/6 = 5/EC, ukapata EC = 7.5, na ni sahihi. Ihakikishe kwa njia ndefu: 4/10 = 5/AC, AC = 12.5, ondoa 5, inabaki 7.5. Mstari sambamba unazikata AB na AC kwa uwiano mmoja, ndiyo maana vipande vya pande hizo mbili vinakubaliana vyenyewe kwa vyenyewe. Ila DE au BC ikishaingia kwenye swali, vipande viweke kando, rudi kwenye pande nzima. Mwanafunzi aliyezoea maswali ya aina ya kwanza anaingia kwenye aina ya pili kwa kasi ileile, na ndipo anapoteleza.

Tiba ninayoiamini kuliko zote ni kuchora upya. Zitoe pembetatu mbili nje ya mchoro, moja huku, nyingine kule, na kila moja uiandikie namba zake. Kwenye kubwa utalazimika kuandika AB, na ukitaka kuandika AB itabidi ujumlishe 4 na 6. Kosa halina mlango wa kuingilia. Kuchora huko ni kazi ya nusu dakika, na bado ndicho kitu ambacho watu huona uvivu kukifanya.

Mara nyingine kisichojulikana kimejificha ndani ya kipande chenyewe. AD = x, DB = 3, DE = 8, BC = 12. Uwiano ni x/(x + 3) = 8/12. Ukizidisha kimshazari unapata 12x = 8(x + 3), na mabano hayo yabaki. Anayeyatupa anaandika 12x = 8x + 3 na kupata x = 0.75. Anayeyaheshimu anapata 12x = 8x + 24, kisha x = 6. Rudisha kila jibu lilikotoka uone: 6/9 na 8/12 zote ni 2/3, lakini 0.75/3.75 ni 0.2 tu.

Dalili: mistari miwili imekatana kama herufi X, na majibu yanatoka upande usio wake

AB na CD ni sambamba, AB juu na CD chini, A ikiwa kushoto juu ya C. AD na BC zinakatana kwenye O. AO = 6, BO = 8, OD = 9. Tafuta OC.

Anayeoanisha A na C kwa kuwa zote ziko kushoto anaandika 6/OC = 8/9 na kupata 6.75. Lakini AD ni mstari mmoja ulionyooka unaokatiza mistari sambamba, kwa hiyo pembe iliyo A ni sawa na pembe iliyo D. Mwenza wa A ni D, na wa B ni C. Basi 6/9 = 8/OC, OC = 12. Kwenye umbo la X, mwenza wa kipande yuko ng'ambo ya O kwenye mstari uleule.

Dalili: umbo lililokuzwa linazidi kukaribia mraba

Mstatili wa upana 4 na urefu 6 umekuzwa mpaka upana ukawa 10. Urefu mpya? Anayejibu 12 amewaza hivi: upana umeongezeka 6, basi na urefu uongezeke 6. Jibu ni 15, kwa sababu upana umezidishwa kwa 2.5 na urefu nao lazima uzidishwe kwa 2.5.

Kumwambia mtu "zidisha, usijumlishe" hakumsaidii sana. Kesho atajumlisha tena. Kinachosaidia ni kumwomba afanye kinyume kwa njia yake mwenyewe. Punguza mstatili huohuo wa 4 kwa 6 kwa kuondoa 4 kila upande. Upana unakuwa 0, urefu unabaki 2. Mstatili umegeuka mstari. Umbo haliwezi kufanana na kitu kisicho na upana. Kwa upande wa pili, ongeza 100 kila upande: unapata 104 kwa 106, ambao ukiutazama kwa mbali utaapa ni mraba.

Dalili: jibu ni dogo ajabu au kubwa ajabu

Fimbo ya mita 1.5 imesimamishwa, kivuli chake ni sentimita 90. Wakati huohuo kivuli cha mti ni mita 7.2. Mti una kimo gani? Kikokotoo kikikupa 0.12, umegawanya mita kwa sentimita. Badili 90 iwe 0.9 kwanza: 1.5/0.9 × 7.2 = 12. Mti una mita 12.

Maswali ya vivuli yana mtego mwingine usiohusu vizio. Inasimuliwa kuwa Thales wa Mileto alipima kimo cha piramidi za Misri kwa kusubiri saa ambayo kivuli cha kitu kinakuwa sawa na kimo chake, yaani saa ambayo kizidishi ni 1. Lakini kivuli cha piramidi kinachoonekana kinaanzia ukingoni mwa kitako, wakati ncha iko juu ya katikati. Piramidi Kuu ya Giza ina kitako cha takriban mita 230 kila upande. Kivuli kikiangukia upande mmoja moja kwa moja, inabidi uongeze nusu ya kitako, mita 115, kwenye urefu unaoupima mchangani. Ukisahau, umerudi kwenye kosa la DB: umetumia kipande mahali pa upande mzima.

Dalili: umepewa maeneo, na jibu limevuka mpaka

Maumbo mawili yanayofanana yana maeneo 18 na 50. Upande wa dogo ni 6. Upande mwenzake? Ukizidisha 6 kwa 50/18 unapata 16.67. Lakini eneo linatokana na urefu mara upana, na kila kimoja kimezidishwa, kwa hiyo eneo linazidishwa kwa kizidishi, kisha kwa kizidishi tena. Rudi nyuma kwa kipeuo cha pili: 50/18 ni 25/9, kipeuo chake ni 5/3, na upande ni 6 × 5/3 = 10.

Karatasi zinaonyesha jambo hili vizuri. A4 ina milimita 210 kwa 297, na A3 ina 297 kwa 420. Eneo la A3 ni mara mbili kamili ya A4, lakini pande zake zimezidishwa kwa takriban 1.41 tu. Ndiyo maana mashine ya kunakili inapokuza A4 kwenda A3 huandika 141%. Ukiiambia 200%, picha inataka karatasi ya 420 kwa 594, ambayo ni A2.

Mzingo, kwa kuwa ni urefu, unafuata kizidishi chenyewe. Ujazo unakifuata mara tatu: kizidishi 2 kinatoa ujazo mara 8.

Dalili: jozi moja inatoa kizidishi hiki, jozi nyingine inatoa kile

Pembetatu moja ina pande 6, 8, 11. Nyingine ina 9, 12, 16. 9/6 ni 1.5, 12/8 ni 1.5, lakini 16/11 ni 1.45. Hapa usitafute kosa lako. Maumbo hayafanani, ingawa kwa macho ungedhani yanafanana, na hakuna upande unaoweza kuupata kwa uwiano.

Kwa pembetatu, pembe mbili zikiwa sawa inatosha, kwani ya tatu inajazia 180. Pande mbili zenye uwiano mmoja nazo zinatosha, mradi pembe iliyo sawa ndiyo iliyobanwa kati ya pande hizo. Ikiwa ni pembe nyingine, usiamini. Maumbo yenye pande nne na kuendelea yana masharti makali zaidi. Mistatili yote ina pembe za nyuzi 90, lakini mstatili wa 4 kwa 6 haufanani na wa 4 kwa 7. Mraba na rombasi iliyolala zinaweza kuwa na pande za urefu uleule, na bado hazifanani kwa sababu ya pembe.

Dalili: mstari mmoja unatakiwa mahali pawili

Pembetatu ABC ina pembemraba kwenye C. Kutoka C umeshushwa mstari CD unaosimama wima juu ya AB. AD = 4, DB = 9. Tafuta CD. Jibu la kukisia ni 6.5, katikati ya 4 na 9, na si sahihi.

Humu kuna pembetatu tatu zinazofanana, na CD imo katika mbili ndogo kwa kazi tofauti. Katika ACD, kati ya pande mbili zinazobana pembemraba, CD ndiyo ndefu. Katika CBD, ndiyo fupi. Basi fupi/ndefu ya kwanza ni AD/CD, na ya pili ni CD/DB. 4/CD = CD/9, CD mara CD ni 36, CD = 6. Ukizitoa na kuzichora kando, moja ina 4 na 6, nyingine ina 6 na 9, kizidishi 1.5, na hofu yote inaisha.

Dalili: umekosa kwa kiasi kidogo tu

Umekadiria mapema. Kizidishi 7/3 ukikiandika 2.3, upande wa 45 unakuwa 103.5 badala ya 105. Acha sehemu ibaki sehemu mpaka mstari wa mwisho.

Dalili: kila kitu kinakubali, lakini jibu la kitabu ni jingine

Soma tena swali linataka nini. Ulitafuta AC ukapata 12.5, kumbe wanataka EC. Ulipata x = 6, kumbe wanataka AB, ambayo ni x + 3, yaani 9. Au wanataka uwiano wa dogo kwa kubwa, wewe ukaandika wa kubwa kwa dogo. Na ikiwa bado hakuna kinachooana, chukua jibu la kitabu lenyewe, liingize kwenye uwiano, ukague kila jozi moja baada ya nyingine. Likitoa kizidishi kimoja kila mahali, kosa ni lako na sasa unajua liko kwenye jozi ipi. Lisipotoa, kitabu nacho huchapwa na watu.